Gemu za bure: anayelipa yupo

Dhana potofu: Gemu ikigawiwa bure, aliyeitengeneza kadhulumiwa.

Mara nyingi huwa keshalipwa. Tangu Desemba 2018, duka la mtandaoni la Epic Games limekuwa likigawa gemu za kompyuta bure, na mwaka 2021, Epic iliposhtakiana na Apple huko California, hati za mahakama zilianika hesabu zenyewe. Gemu 38 za mwanzo, hadi Septemba 2019, ziliigharimu Epic takriban dola milioni 11.6, fedha zilizokwenda kwa wenye gemu. Subnautica peke yake, ile ya kuzamia baharini iliyofungua mgao, ililipiwa dola milioni 1.4.

Epic nayo ilivuna akaunti mpya karibu milioni 5. Ukigawanya, kila mteja mpya aliigharimu dola 2 na ushee tu, na duka changa lililokuwa likipambana na Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta mtandaoni, lilihitaji watu kuliko kitu kingine. Kwa hiyo chukua bila kujisikia vibaya. Usiifananishe na kopi ya wizi ya kwenye flashi, ambayo mtengenezaji haambulii hata senti.

Dhana potofu: Wanagawa zilizododa.

Mei 2020 Epic iligawa Grand Theft Auto V, moja ya gemu zilizouzwa zaidi duniani. Watu walimiminika hadi tovuti ya duka ikazidiwa, ikawa haifunguki kwa saa kadhaa. Mwenye gemu hakuwa na cha kuhofia: ndani yake kuna GTA Online, ambako wachezaji hununua pesa za mchezoni kwa pesa halisi. Kadiri wanaoingia wanavyoongezeka, ndivyo soko lake linavyopanuka.

Wengine hugawa gemu ya kwanza ili kuiuza ya baadaye. Metro 2033 Redux iligawiwa 2019, mwaka uleule Metro Exodus ilipoingia sokoni. Ukishamaliza ya kwanza na ikakukolea, inayofuata hutaki kuambiwa.

Dhana potofu: Usipoipakua wiki hiyohiyo umeikosa, na hata ukiipata watakunyang'anya.

Kinachotakiwa ndani ya muda wa ofa ni kuidai tu, iingie kwenye akaunti yako. Kuipakua unaweza hata mwakani. Kwa Epic, ukishaidai inabaki kwenye akaunti. Wenye PlayStation Plus, usajili wa kulipia wa mashine za gemu za PlayStation, ndio wa kuangalia: gemu za kila mwezi unazicheza mradi usajili wako uko hai, ukiacha kulipia, zinafungwa mpaka urudi.

Dhana potofu: Bure maana yake hutoi kitu.

Hapa ndipo wengi wetu Afrika Mashariki tunapoumia. GTA V ya kompyuta inakula zaidi ya GB 90, na bando la kiasi hicho laweza kukugharimu zaidi ya gemu nyingine za kununua. Idai kwa kivinjari cha simu, ambako hutumii data nyingi, kisha ipakue siku utakapopata Wi-Fi isiyo na kikomo. Kama kompyuta ni ya mtoto, usiache kadi ya benki kwenye akaunti yake, maana vikorombwezo vya ndani ya gemu vinauzwa. Na atakayekuomba neno la siri ili "akuunganishie" gemu ya bure, huyo ni tapeli; dukani unaingia mwenyewe.