Askari Walipovuka Mpaka, Bunge Lilikuwa Wapi?

Wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa hapa Kampala wanapoandika kuhusu jeshi na demokrasia, aghalabu huishia kwenye uchaguzi. Mimi huwaelekeza kwenye tarehe mbili: siku askari walipovuka mpaka, na siku Bunge lilipolijadili jambo hilo. Ibara ya 210 ya Katiba ya 1995 imelikabidhi Bunge jukumu la kutunga sheria za kulisimamia jeshi, ikiwemo kupeleka askari nje ya nchi, na kwa hiyo pengo lililopo kati ya tarehe hizo hunieleza mengi kuliko wingi wa kura za ndiyo.

Kwa Somalia, idhini ilitolewa Februari 2007 na askari wa kwanza wakatua Mogadishu mwezi uliofuata. Kwa Sudan Kusini mambo yalikwenda kinyume: jeshi la Uganda, UPDF, liliingia Desemba 2013, mara tu baada ya mapigano kuzuka Juba, na wabunge wakaitwa Januari 2014 kuidhinisha jambo lililokwisha kutendeka. Mbunge anayepinga katika hatua hiyo hapingi tena mpango. Huonekana anawatelekeza vijana walioko vitani. (Tusisahau kwamba jeshi lenyewe lina wawakilishi 10 humo bungeni.) Operesheni Shujaa, ya majeshi ya Uganda na Kongo dhidi ya waasi wa ADF, ilipoanza mashariki mwa Kongo tarehe 30 Novemba 2021, wabunge walitaka waelezwe kwa nini hawakushirikishwa mapema.

Linalonishughulisha zaidi ni fedha. Posho za askari wetu waliokuwa Somalia zililipwa kwa sehemu kubwa na Umoja wa Ulaya kupitia Umoja wa Afrika, ilhali Sudan Kusini na Kongo mzigo uliangukia hazina yetu. Mtu angetazamia Bunge liwe kali zaidi pale ambapo mlipakodi ndiye anayegharamia, lakini ni huko hasa lilikofika limechelewa.

Gharama zenyewe haziishi askari wanaporudi kambini. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vilivyoanza 1998, kwa mafungu matano ya milioni 65, fungu moja kila mwaka. Fedha hizo zinapitia katika bajeti inayopigiwa kura na wabunge ambao wengi wao, mwaka ule wa 1998, hawakuwamo bungeni.