Je, makarani wa Brussels huzitungia nchi sheria?

Vyama vya kizalendo barani Ulaya vimedai kwa miaka mingi kwamba makarani wa Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, wasiochaguliwa na mtu, huzitungia nchi huru sheria. Si ajabu wengi kuamini, kwani rasimu huandikwa na Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo. Ila rasimu si sheria. Sheria nyingi hupitishwa na Bunge la Ulaya lililochaguliwa na wananchi, pamoja na mawaziri wa nchi wanachama. Kwenye kodi, nchi moja ikikataa, jambo limekwama. Kwingineko nchi yaweza kushindwa kwa kura: kupitisha sheria zatosha asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu wa Umoja. Hapo hoja ya mamlaka ya taifa ina uzito wake. Fungua mwenyewe mtandaoni sheria namba 2022/2380, ile ya chaja moja ya simu. Kichwa chake kinataja Bunge na Baraza la mawaziri.