Ukuta wa udongo hauhitaji koti la saruji

Jumamosi iliyopita familia moja kutoka Dar ilimaliza siku tatu kwenye nyumba ya wageni ninayoitunza huku Kalenga, Iringa, karibu na mto Ruaha Mdogo. Siku ya kwanza walikwenda makumbusho kuliona fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Siku ya pili Isimila, kwenye korongo la nguzo za asili. Jioni tukakusanyika jikoni kwa mama mpishi: ugali, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, kuku wa kienyeji, na ulanzi, utomvu wa mwanzi, wa asubuhi ile, mtogwa kabisa, mtamu, haujaanza kuchachuka. Mvua inanyesha. Baba wa familia akautazama ukuta wa nje uliogeuka mweusi kwa maji, akanigeukia:

"Fundi, nyumba nzuri sana hii. Sasa mbona hamuipigi plasta ya saruji mkamaliza kazi?"

Swali hilo nimeulizwa na diwani, nimeulizwa na mama mkwe wangu, nimeulizwa na kijana aliyesomea ujenzi. Leo naliandikia, ili anayefuata nimwelekeze hapa.

Yale mepesi kwanza. Ndiyo, tofali zetu ni mbichi, hazijachomwa. Hapana, hii siyo nyumba ya kukandika. Hakuna fito humu. Ukuta una unene wa sentimita 45, na ndiyo maana Julai, Iringa inapotetemeka kwa baridi, wageni wanalala na blanketi moja: ukuta unakunywa jua mchana kutwa na kulitoa taratibu usiku. Madirisha ni madogo kwa sababu hiyo hiyo, msiniombe niyapanue.

Sasa saruji.

Mgeni wangu alikuwa na hoja, na aliileta kutoka Isimila. Amesimama chini ya zile nguzo korongoni, ameambiwa zimechongwa na mvua na maji yanayopita, akahitimisha kwamba maji yanakula udongo. Kweli yanakula. Lakini yanakula udongo yanapoupiga juu bila kifuniko, na yanapopita miguuni pake. Kwa hiyo kazi ya kuulinda ukuta inafanywa na paa linalotokeza nje zaidi ya nusu mita, na msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi mpaka matone yanayoruka yasiifikie tofali. Ukuta ukilowa juu juu wakati wa mvua ya upepo, hakuna ubaya. Kesho jua litatoka na utakauka. Ubaya ni kulowa na kushindwa kukauka.

Nikamwonyesha mtungi pale pembeni ya jiko. Alikuwa ameyasifu maji yake mchana, akauliza tumeyapozaje bila friji. Mtungi unatoa jasho: maji yanapenya kwenye udongo, yanafika nje, upepo unayachukua, na yanapoondoka yanaondoka na joto. Upake mtungi ule rangi ya mafuta nje uone kama utakunywa maji ya baridi tena. Ukuta wangu una tabia hiyo hiyo. Unyevu unaingia kutoka ardhini, kutoka kwenye mvua, kutoka kwenye pumzi za watu wanne waliolala chumba kimoja, na unahitaji njia ya kutokea. Plasta ya udongo inauachia. Ya chokaa inauachia. Ya saruji inauziba.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Udongo unavimba kidogo ukilowa na kunywea ukikauka. Saruji ni ngumu, haifuati mwendo huo, kwa hiyo inapasuka. Mipasuko ni myembamba kama unywele, na mipasuko myembamba ndiyo inayonyonya maji kwa nguvu. Yanaingia kwa ufa, yanatandaa nyuma ya plasta, na pa kutokea hapana. Nje unaona ukuta mweupe, safi, unapendeza kwenye picha.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kukubali. Miaka kadhaa nyuma, mwenye nyumba mmoja alishikilia kwamba upande wa mashariki upigwe saruji, na mimi nilitaka malipo yangu, nikaupiga. Masika mawili yakapita. Siku moja napita, nikagonga kwa kifundo cha kidole, ukaitika kama debe. Nikachukua tindo na nyundo, nikafungua sehemu ya ukubwa wa sahani, usawa wa goti. Plasta ikatoka kipande kizima kama chapati. Nyuma yake tofali lilikuwa limerudi kuwa tope. Si tope la kusema tu. Niliingiza kijiko cha chai, nikachota. Harufu ilikuwa ya kisima kilichofunikwa. Mistari minne ya chini tuliibadilisha tofali kwa tofali, paa limeegemezwa kwa magogo, na ile kazi sikudai hata shilingi.

Kwa hiyo tunasiriba kwa udongo. Udongo wa kichuguu sehemu moja, mchanga mbili, majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole, vilale pamoja siku kadhaa kabla ya kupakwa. Kila mwaka mvua zikikata, Mei au Juni, tunarudia sehemu zilizochoka. Watu wanaita hiyo gharama. Ni siku tatu za watu wawili, na udongo hatununui.

Samadi je? Wazee wengi wanaiweka, na mimi naiweka. Lakini nimewahi kusiriba kuta mbili zinazotazamana, moja ina samadi na nyingine haina, nikazifuata misimu minne, na tofauti niliyoiona haikunitosha kuapa. Naendelea kuiweka kwa sababu mchanganyiko unateleza vizuri mkononi. Na hao wanaochanganya saruji kidogo ndani ya tofali lenyewe, hilo ni jambo jingine kabisa, nimeona nyumba zake zikisimama vizuri. Msije mkasema fundi anachukia saruji. Nachukia koti.

Kinachoninyima usingizi ni chumba cha 4. Hakina saruji ukutani, paa lake zima, msingi wake wa mawe, na bado kila Machi kona yake ya kaskazini inanuka unyevu. Nimelaumu mti wa mparachichi unaoziba jua, nikaukata matawi, harufu ikabaki. Sasa namshuku mwingine: ile njia ya zege iliyomwagwa nje, imegusana na ukuta, ili wageni wasikanyage tope. Ardhi iliyo chini ya zege haikauki kwa juu, na unyevu wake unatafuta njia ya pembeni, yaani ukutani kwangu.

Mgeni akanyamaza, akamnyooshea mama mpishi kikombe cha mwanzi aongezewe. Kisha akasema, "Basi fundi, livunje."

Juni, mvua zikikata, nalivunja mita moja kutoka ukutani na kujaza kokoto. Machi ijayo nitakuwa nimepiga magoti kwenye kona ile, nanusa.