Vince Lombardi alipokuwa mchezaji wa Fordham: dhana potofu na ukweli

Dhana: Alikuwa nyota wa chuo.
Kwa kuwa kombe la Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani ya kulipwa, lina jina la kocha huyu, wengi hudhani alitamba hata kama mchezaji. Hakutamba kiasi hicho. Lombardi alikuwa gadi, yaani mmoja wa wachezaji wawili wanaokaa kandokando ya senta katika safu ya mbele, katika Chuo Kikuu cha Fordham, New York, hadi msimu wa 1936. Urefu wake ulikuwa sentimita 173 hivi na uzito kilo 82, mwili mdogo kwa nafasi hiyo. Aliyeng'ara katika safu ile ni senta, yule wa katikati anayeanzisha mpira, Alex Wojciechowicz. Huyo aliingia Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya kulipwa mwaka 1968 kama mchezaji. Lombardi aliingia 1971, kama kocha.

Dhana: Jina la "Mawe Saba ya Itale" lilibuniwa kwa ajili ya safu yake.
Safu ya mbele ina wachezaji saba, na ile ya Fordham ya mwaka 1930 hivi ilikwisha kuitwa hivyo. Mwaka 1936 Timothy Cohane, aliyeshughulikia habari za timu, alilifufua, nalo likaganda.

Dhana: Timu ya 1936 haikufungwa.
Ilishinda mechi 5, ikatoka sare 2 na kufungwa 1. Sare moja ni ile ya 0-0 na Pittsburgh, ambayo Lombardi aliimaliza akiwa ameumia vibaya mdomoni. Mwishoni mwa Novemba ikaja sare ya 7-7 na Georgia, kisha kipigo cha 7-6 kutoka Chuo Kikuu cha New York, na ndoto ya kualikwa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya Mwaka Mpya, ikaishia hapo.

Dhana: Alitoka chuoni moja kwa moja hadi ukocha mkubwa.
Alihitimu 1937, akacheza kidogo timu za nusu-kulipwa, na mwaka 1939 akaanza kufundisha katika sekondari ya St. Cecilia, New Jersey. Alikabidhiwa Green Bay Packers, timu ya kulipwa, mwaka 1959, akiwa na miaka 45.

Dhana: Fordham ilimpa ukali tu.
Hii ndiyo inayomnyima haki yake zaidi. Fordham alinolewa na Jim Crowley, na kocha wa safu ya mbele alikuwa Frank Leahy. Tena aliikabili Pittsburgh ya Jock Sutherland, timu iliyojulikana kwa mbio za kuzunguka pembeni. Mbio hizo ndizo alizozifanya silaha kuu ya Packers.

Zinakwenda hivi. Mpira ukianza, magadi wote wawili hawasukumi mbele. Wanachomoka na kukimbia sambamba na safu kuelekea pembeni. Senta anawahi kuziba pengo lililoachwa na gadi. Mchezaji wa mwisho wa safu anamsukuma mlinzi aliye mbele yake kokote anakotaka kwenda. Gadi wa kwanza anamtoa nje mlinzi wa pembeni, wa pili anageuka kupanda uwanjani, na mkimbiaji mwenye mpira anayewafuata anapita ndani au nje kulingana na upenyo.

Senta akichelewa, adui hupita penye pengo na kumkamata mkimbiaji nyuma ya safu. Gadi akirudi nyuma mno kabla ya kugeuka, mkimbiaji humfikia na kulazimika kupunguza mwendo, na walinzi wa katikati hupata muda wa kufika.