Dunia Ilipoganda Hadi Ikweta, Ni Nini Kilichoiyeyusha?

Jibu linalowajia wengi ni Jua: lilizidi kuwaka, barafu ikayeyuka. Hesabu zinalikataa. Dunia iliganda hivyo zaidi ya mara moja, na mgando mrefu kuliko yote ya aina hiyo, uitwao Sturtian, ulianza yapata miaka milioni 717 iliyopita ukaisha karibu milioni 660. Jua huongeza mwanga wake kwa takribani asilimia 1 kila miaka milioni 100, kwa hiyo kwa kipindi chote hicho liliongeza nusu asilimia hivi. Huo mwanga wenyewe haukupokelewa vizuri: barafu yenye theluji hurudisha angani zaidi ya nusu yake, ilhali bahari iliyo wazi hurudisha chini ya asilimia 10. Mwaka 1969 Mikhail Budyko, mtaalamu wa hali ya hewa wa Urusi ya Kisovyeti, alionyesha kwamba barafu ikishavuka latitudo fulani haisimami tena. Weupe unaleta baridi, baridi inaongeza weupe, mpaka ikweta.

Wanaoliacha Jua hukimbilia moto wa volkano. Hao wamepata nusu. Joto lote linalopanda kutoka tumboni mwa Dunia ni kama wati 0.09 kwa kila mita ya mraba. Haliwezi kuyeyusha barafu ya bahari nzima. Kilichofanya kazi ni hewa ya volkano, siyo moto wake, na hoja hiyo aliitoa mwanajiolojia wa Marekani, Joseph Kirschvink, mwaka 1992.

Chukua pipa la maji lenye tundu dogo karibu na kitako, na bomba linalodondosha maji humo bila kukoma. Maji yakipanda, msukumo kwenye tundu unaongezeka na yanatoka kwa kasi. Yakishuka, yanatoka polepole. Mwishowe kina hutulia chenyewe. Maji ni hewa ukaa iliyo angani, ambayo huzuia joto la Dunia lisitoroke. Bomba ni volkano zinazoitoa. Tundu ni mvua: hewa ukaa huyeyuka ndani ya matone na kuyafanya asidi hafifu, asidi humung'unya miamba kama itale na basalti, mito hubeba kilichotoka humo hadi baharini, na huko kaboni huishia kwenye mwamba wa chokaa. Dunia ikipata joto, mvua huongezeka na tundu hutoa zaidi. Ikipoa, hutoa kidogo.

Sasa ziba tundu. Nchi kavu ikishafunikwa, mvua hukoma na mwamba ulio chini ya barafu hauguswi. Bomba halina habari, linaendelea kudondosha kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 1992 wanasayansi Ken Caldeira na James Kasting walikadiria kwamba ili barafu iyeyuke ingehitajika hewa ukaa yenye msukumo wa bari 0.12 (hewa yote ya leo ni kama bari 1), takribani mara 300 ya iliyopo leo. Makadirio ya baadaye yanapishana sana, kwa kuwa vumbi na majivu huichafua barafu na kuifanya inyonye joto. Ichukuliwe kama namba ya kukisia.

Ikweta ilipofunguka, mzunguko uligeuka: bahari nyeusi, joto zaidi, barafu kidogo. Kisha tundu likazibuka pipa likiwa limejaa. Mvua ya asidi ilishukia unga wa mawe uliosagwa na barafu, bahari ikapokea kalsiamu tele, na chokaa ikatuama moja kwa moja juu ya kifusi cha barafu. Mpangilio huo wa ajabu ndio mwanajiolojia Paul Hoffman na wenzake waliouandikia mwaka 1998 kutoka Namibia. Katanga, kusini mwa Kongo, nako upo: juu ya mwamba wa kifusi uitwao Petit Conglomérat kuna chokaa ya waridi, Calcaire Rose. Mkubwa wake, Grand Conglomérat, ni wa mgando wa zamani zaidi, na shaba ya Kamoa karibu na Kolwezi imelala kwenye kitako chake.

Mawe yaliyochanganyika na tope peke yake hayatoshi kuthibitisha barafu, kwani maporomoko ya chini ya maji hutengeneza mwamba wa sura hiyohiyo, na sehemu kubwa ya Grand Conglomérat ilisafiri kwa njia hiyo. Tafuta jiwe moja lililokaa katikati ya matabaka membamba ya tope: yaliyo chini yake yamebonyea, yaliyo juu yamelipita kama kilima. Hilo lilidondoka kutoka kwenye barafu inayoelea. Latitudo husomwa kwenye chembe za sumaku zilizonaswa ndani ya mwamba, kwa kuwa sumaku ya Dunia huzilaza karibu na ikweta na kuzisimamisha karibu na ncha. Zile za mwamba wa Elatina, Australia Kusini, zimelala karibu sambamba na ardhi ya wakati huo, dalili ya ujirani na ikweta.

Kama barafu ilifunga bahari yote au iliacha mkanda wazi, bado wanabishana. Viumbe walipona vyovyote vile. Huenda vidimbwi vilisaidia: vumbi jeusi hunyonya jua na kuchimba visima vidogo kwenye barafu, na leo visima hivyo huko Greenland na Antaktika vina mwani hai. Mabaki ya mafuta ya mwani katika miamba yanaonyesha uliongezeka ghafla kati ya miaka milioni 659 na 645 iliyopita, pengine kwa fosfeti, mbolea ya mwani, iliyotoka kwenye unga ule wa mawe. Kusema kwamba mgando ndio ulioleta wanyama ni kuruka hatua. Mgando wa mwisho uliisha miaka milioni 635 iliyopita, na viumbe wakubwa wa Ediacaran, enzi iliyofuata, wanaonekana karibu milioni 575: pengo la miaka milioni 60, refu kuliko Sturtian yenyewe.