Ripo ya timu kwenye wingu: ya kuamua kabla hujasukuma msimbo

Kufungua ripo, yaani hifadhi ya msimbo wa mradi pamoja na historia yake, kwenye GitHub ni kazi ya dakika chache: unabonyeza kitufe, unaandika jina, unapewa amri za kunakili. Lakini ndani ya dakika hizo unaamua mambo ambayo baadaye hayabatilishwi kirahisi: ripo ni mali ya nani, siri gani zimeingia humo, nani ameshika funguo. Kazi yangu ni kutunza mifumo ya timu za programu, na karibu kila tatizo kubwa la ripo ninaloitwa kulitatua lilizaliwa siku ya kwanza.

Tutenganishe kwanza Git na GitHub. Git ni programu iliyo kwenye kompyuta yako, inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya wasanidi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu waliyokuwa wakiitumia kwa kazi hiyo. GitHub ilikuja 2008 kama mahali pa kuziweka ripo za Git mtandaoni, na tangu 2018 ni mali ya Microsoft. GitLab na Bitbucket zinafanya kazi hiyo hiyo. Kwa sisi tunaonunua bando, Git kukaa kwenye kompyuta yako kuna faida ya wazi: unaweza kufanya komiti, yaani kuhifadhi kila hatua ya kazi, siku nzima bila intaneti, kisha ukasukuma, yaani kuzipeleka komiti hizo kwenye ripo ya mtandaoni, jioni mtandao ukipatikana. Na kila anayeichukua ripo kwa `git clone`, asipoweka kikomo, anapata historia yake yote tangu komiti ya kwanza. Lishike hilo la historia yote, kwani ndilo linaloamua mengi ya hapa chini.

Sasa umiliki. Mara nyingi kijana mmoja mwenye bidii hufungua ripo ya mradi kwenye akaunti yake binafsi, halafu akawaalika wenzake. Inafanya kazi vizuri hadi siku anapohamia kampuni nyingine, au simu yake inapopotea na hawezi kuingia tena. Fungua akaunti ya shirika. GitHub wanaitoa bure, pamoja na ripo binafsi zisizo na kikomo cha idadi. Weka wamiliki wawili, asiwe mmoja. Kila mmoja awashe uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu badala ya SMS, maana laini ya simu huweza kuhamishwa na tapeli. Zile namba za akiba unazopewa ukiwasha, zichapishe na uzifungie mahali salama ofisini.

Nije kwenye siri, na hapa nitakaa kidogo.

Tuseme timu inajenga duka la mtandaoni linalopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom kwa wasanidi. Programu inahitaji ufunguo wa mteja, siri yake na nywila ya kufanyia malipo. Msanidi anaziandika kwenye faili la mipangilio la `.env`, anaongeza mafaili yote kwa `git add .`, anafanya komiti, anasukuma. Kesho yake mwenzake anaziona, anafuta faili, anafanya komiti mpya, na wote wanadhani yamekwisha. Hayajakwisha. Kwenye komiti ya jana faili limo vile vile, na yeyote mwenye nakala analisoma kwa amri moja. Ripo ikiwa ya wazi, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kuna roboti zinazopekua komiti mpya muda wote zikitafuta funguo za namna hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya komiti ya kwanza, tengeneza faili la `.gitignore`, linaloiambia Git mafaili ya kuyaruka, na uorodheshe humo `.env`, `node_modules/` (folda ya vifurushi vya JavaScript) na kila kisichofaa kutoka kwenye mashine yako. Wenzako waachie `.env.example` lenye majina ya vigezo bila thamani zake. Kumbuka kwamba `.gitignore` haigusi faili ambalo Git imeshaanza kulifuatilia. Hilo utaliondoa kwa `git rm --cached .env`. Na kabla ya kila komiti tazama `git status`. Isome kweli, mstari kwa mstari.

Siri ikishatoka, jambo la kwanza ni kuibatilisha kule ilikotolewa na kuchukua mpya. Kusafisha historia kwa `git filter-repo` kunafuata baadaye, na hakufiki kwenye nakala ambazo watu wameshazichukua. GitHub wana kinga inayozuia kusukuma siri wanazozitambua, na tangu 2024 kwenye ripo za wazi inakuja ikiwa imewashwa. Iache iwashwe, ila usiitegemee peke yake: inakamata siri zenye muundo inaoujua tu.

Upande wa kuingia, nywila ya akaunti haikubaliki tena kwenye amri za Git tangu tarehe 13 Agosti 2021. Tumia ufunguo wa SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta yako na seva:

`ssh-keygen -t ed25519`

Utapata mafaili mawili. Lenye mwisho wa `.pub` ndilo unalolibandika kwenye mipangilio ya akaunti yako. Lile jingine halitoki kwenye kompyuta hiyo kamwe, hata kwa WhatsApp ya mtu unayemwamini. Ufunguo upewe nywila yake, na kila kompyuta iwe na ufunguo wake, ili moja ikiibwa ufute mmoja tu. Jaribu kwa `ssh -T git@github.com`. Ukikwama kwenye mtandao wa chuo au ofisi, huenda wamefunga mlango namba 22 wa mtandao, ambao SSH hupitia kwa kawaida. GitHub wanapokea SSH pia kupitia `ssh.github.com` kwenye mlango 443.

Ukiunda ripo kwenye tovuti wakati tayari una msimbo kwenye mashine, iache tupu. Usiongeze README (faili la maelezo ya mradi) wala leseni huko, la sivyo zitakuwa historia mbili zisizojuana na Git itakataa usukumaji wako. Kisha, ndani ya folda ya mradi:

`git init`
`git add .`
`git status`
`git commit -m "Mwanzo wa mradi"`
`git branch -M main`
`git remote add origin git@github.com:shirika-lako/duka.git`
`git push -u origin main`

Picha na video nzito ziweke kwingine au tumia Git LFS, nyongeza ya Git kwa mafaili makubwa, kwa kuwa GitHub inakataa faili linalozidi MB 100. Ripo ikiwa ya wazi, ongeza leseni: bila leseni, wengine wanaweza kuusoma msimbo wako lakini hawana ruhusa ya kuutumia.

Tawi la `main`, yaani mkondo mkuu wa msimbo, lilinde. Asisukume mtu moja kwa moja. Kila badiliko lipitie ombi la kuunganisha (pull request) na lisomwe na mtu wa pili. Kwa timu ndogo hili linanigusa sana, kwa sababu kusomeana msimbo ndiko kunakomkuza msanidi mchanga kuliko kozi yoyote. Kuna kikwazo kimoja: kwenye mpango wa bure wa GitHub, ulinzi wa tawi unapatikana kwa ripo za wazi tu. Kama ripo yenu ni binafsi na hamna bajeti, GitLab inawapa ulinzi huo bure, na ningewashauri mwende huko bila kusita.

Halafu nakala ya akiba. Google Code ilifungwa 2016, na waliokuwa huko ikabidi wahame. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta kimakosa data za hifadhidata yao kuu. Msimbo wa watu ulisalimika, lakini taarifa za takriban saa sita, zikiwemo hoja (issues) na maoni, zilipotea moja kwa moja. Kwa hiyo chukueni nakala kamili:

`git clone --mirror git@github.com:shirika-lako/duka.git`

Iwekeni kwenye mashine isiyo ya kampuni inayohifadhi ripo yenyewe, na pangeni `git remote update` iendeshwe humo kila usiku. Hoja na maombi ya kuunganisha hayasomeki kutoka kwenye nakala hii, hivyo yahamisheni kando kupitia API, njia ya programu kuchukua data kutoka GitHub. Na mara kwa mara mtu achukue msimbo kutoka kwenye hiyo nakala, aujenge, aone kama programu inawaka.