Je, wajua kwa nini daraja la reli halikazwi ncha zote mbili?

Malindi hakuna reli, lakini maji ya Sabaki yameshapita chini ya reli kabla hayajatufikia. Mto Tsavo huvukwa na reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, kisha hukutana na Athi. Hapo mto huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, ukimwaga tope lake baharini kaskazini ya mji. Ndiyo maana masika bahari yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Daraja la Tsavo lilisimamiwa na mhandisi John Henry Patterson kuanzia mwaka 1898. Likitajwa, watu hukumbuka simba wawili waliokula wajenzi wa reli; simba hao Patterson aliwaua Desemba mwaka huohuo. Ni haki kuwakumbuka wale waliokufa. Ila ujenzi wenyewe nao una mengi, na mpwa wangu ndiye aliyenifanya niufikirie. Alishika picha ya daraja dogo la reli akauliza, "Mjomba, mbona huku chuma kimelazwa tu? Si kitaanguka?"

Hakianguki. Mhimili wa chuma hulala juu ya nguzo za mawe. Ncha moja hukazwa kwa bolti, ya pili huachiwa iteleze juu ya bamba la chuma, au juu ya rola daraja likiwa refu. Mwenye mlango wa mbao anajua unavyojaa masika hadi ukagoma kufunga. Mbao hujaa kwa unyevu, chuma hutanuka kwa joto. Mhimili wa mita 20 ukitoka nyuzi 20 za alfajiri hadi nyuzi 50 za jua la mchana hurefuka milimita 7 hivi. Ni chini ya unene wa kidole, lakini ukibanwa pande zote utaisukuma nguzo kwa nguvu ya kutisha. Jiwe hustahimili sana kukandamizwa kutoka juu. Kusukumwa ubavuni halikuzoea.

Kwenye madaraja mengi ya zamani mataruma, yaani vipande vinavyobeba reli, yamelazwa juu ya mihimili bila sakafu yoyote, ndiyo maana ukivuka kwa miguu unaona mto kati ya hatua na hatua. Uzito hupungua.

Nguzo nazo, upande maji yanakotoka, mara nyingi huchongwa kama omo ya jahazi, ile ncha yake ya mbele. Mto ukifurika huleta magogo na miti mizima; omo huyapasua maji yapite kushoto na kulia. Maji yakigonga ukuta bapa huzunguka na kuchimba mchanga miguuni pa nguzo, na madaraja mengi ya mtoni huangushwa na shimo hilo, wala si uzito wa treni.

Tulipovuka Sabaki kwenda Mambrui, mpwa wangu hakuwatafuta viboko kama kawaida yake. Alichungulia nguzo, pale zinapoingia majini.